Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali Zanzibar: tafiti za wahadhiri zirudi kwa waliozijibu

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Ninakuandikia kutoka Wete, Pemba. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari na pia katibu wa klabu ndogo ya mpira wa miguu, na kwa nafasi zote mbili nimekuwa mtu wa kuulizwa maswali na watafiti wa vyuo vikuu. Skuli huulizwa juu ya vifaa vya kufundishia, klabu huulizwa juu ya uendeshaji wa michezo, na kote kuwili huulizwa namna tunavyoweka kumbukumbu zetu. Sijakataa hata mara moja kujibu. Ninachoomba ni kwamba yanayopatikana katika tafiti hizo yawe na njia ya kurudi kwetu, kwa Kiswahili, na kwamba njia hiyo iwekwe na Wizara yako badala ya kuachiwa hisani ya mtafiti mmoja mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mhadhiri kutoka Unguja na dodoso la kurasa kumi na mbili, lote kwa Kiingereza, kuhusu matumizi ya kompyuta katika ufundishaji. Wenzangu walilijaza wakati wa mapumziko, na wengine walikwenda nalo nyumbani. Katika swali la mwisho niliandika jambo ambalo hadi leo naliona ndilo kiini: chumba cha kompyuta kina mashine ishirini na ufunguo mmoja, ufunguo huo anakaa nao mwalimu ambaye vipindi vyake vinagongana na vya wenzake, na kwa hivyo mashine hulala siku nzima na umeme upo. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofikishwa Pemba mwaka 2010, giza si kisingizio tena katika skuli kama yetu. Tatizo letu ni la mpangilio, na mpangilio ndio hasa kazi ya mtaalamu wa mifumo ya taarifa.

Baadaye kijana niliyemfundisha, akiwa chuoni, alinionesha katika simu yake makala iliyotokana na dodoso lile, ndani ya jarida la nje. Muhtasari ulisomeka bure, lakini makala yenyewe ilitakiwa kulipiwa dola thelathini na kitu. Simlaumu mhadhiri yule. Kupanda kwake daraja kunapimwa kwa majarida, na hakuna anayemuuliza kama alirudi Wete. Ufunguo bado ni mmoja.

Mheshimiwa Waziri, siombi lisilowezekana, kwa sababu hapa hapa Zanzibar limewahi kufanyika. Wizara ya Afya ilipoanza kutumia mfumo wa takwimu uitwao DHIS katika miaka ya 2000, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, watafiti hawakuishia kukusanya fomu na kuondoka. Kila robo mwaka timu za wilaya zilikutana katika warsha, kila timu ikasimama mbele ya wenzake na takwimu zake, na wenzake wakaihoji: kwa nini hesabu hii haipatani na ile, kwa nini safu hii haijazwi. Ubora wa takwimu ulipanda, na fomu zenyewe zikarekebishwa kutokana na kauli za wale wanaozijaza. Makala ya utafiti huo ilichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na ilipotoka, watu wa wilayani walikuwa wameshafaidika na kazi hiyo. Kama wahudumu wa afya waliweza kukaa hivyo, sioni kwa nini walimu wa wilaya moja wasikae na mhadhiri aliyewachunguza, kwa siku moja tu, wakasoma pamoja alichokiona.

Kwa upande wa michezo nina mfano mdogo, lakini ni wangu mwenyewe. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika tasnifu ya uendeshaji wa klabu aliazima daftari letu la viingilio la misimu miwili. Siku ya kulirudisha, kabla hajapanda gari ya Mkoani kuwahi boti, aliniambia kwa mdomo kwamba mapato yetu huanguka kila msimu wa karafuu, na kwamba huo ndio wakati tunaotumia fedha nyingi zaidi za usafiri, kwa kuwa tunakodi gari kuwafuata wachezaji mashambani. Tulikuwa tukilalamika kwamba mashabiki wametuacha, kumbe walikuwa juu ya mikarafuu. Msimu uliofuata tukazihamisha mechi zetu za kirafiki, na klabu ikamaliza mwaka bila deni. Tasnifu yenyewe sijaiona.

Zanzibar ilipokelewa uanachama wa CAF, yaani Shirikisho la Soka la Afrika, mwezi Machi 2017 na kuondolewa Julai mwaka huo huo, na bado ilipofika Disemba timu yetu ikacheza fainali ya Kombe la Chalenji, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kule Machakos, ikashindwa na Kenya kwa penalti. Wachezaji tunao. Uwanja wa Amaan umefunguliwa upya, na Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika 2027. Wa kuhesabu, kupanga na kuziendesha klabu za mitaani kwa kumbukumbu sahihi ndio wachache, na wanaolichunguza jambo hilo wako vyuoni.

Naomba basi kila kibali cha utafiti unaofanywa katika skuli zetu kiwe na sharti la muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, ukabidhiwe kwa mwalimu mkuu na kujadiliwa na waliojibu. Istilahi zisiwe kikwazo: tunalo Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na ufundishaji wa Kiswahili wa TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ulioanza mwaka 1978. Vyuo vihifadhi nakala kamili mahali panaposomeka bure. Programu ya DSpace, ambayo vyuo vingi duniani hutumia kwa kazi hiyo, haina ada ya leseni. Na mhadhiri aliyerudi wilayani kueleza alichokipata, jambo hilo lihesabiwe anapoombewa daraja, hata kama ni kwa alama chache.

Nimehifadhi nakala za madodoso yote niliyowahi kujaza. Nikiitwa katika afisi ya Wizara hapa Pemba nitakwenda nayo, pamoja na daftari la viingilio.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa sekondari, Wete