Goti lililoumia lisikimbiliwe kuchuliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie majeraha ya kilegesambwa, kile kifupa kilicho mbele ya goti, kwa kuwa namna yanavyoshughulikiwa kwenye viwanja vya mitaani na ajali za bodaboda huwaachia vijana wetu ulemavu ambao ungeweza kuepukika.

Mtu akianguka kwa goti, wenzake humvuta mguu, kisha humchua kwa maji ya moto, jambo ambalo huzidisha uvimbe na, ikiwa mfupa umevunjika, huweza kuvitenganisha vipande zaidi. Kilegesambwa kimeshikwa juu na kano ya misuli ya mbele ya paja, na chini na kano inayoshuka hadi kwenye muundi, hivyo kikivunjika vipande viwili, au mojawapo ya kano hizo ikikatika, mguu hukosa nguvu ya kujinyoosha. Ndiyo maana kocha yeyote anaweza kumlaza majeruhi chali na kumwomba auinue mguu ukiwa umenyooka. Akishindwa, afungwe ubao nyuma ya mguu na apelekwe kupigwa picha ya eksirei. Akiweza, hicho si kibali cha kurudi uwanjani (makocha wetu wana haraka mno), kwa sababu ufa mdogo hauzuii mguu kuinuka.

Wengi hukimbilia kwa waunga mifupa kwa kuogopa kisu, ilhali si kila mvunjiko huhitaji upasuaji. Vipande visipoachana, na mgonjwa akiweza kuunyoosha mguu mwenyewe, hufungwa plasta kwa wiki 4 hadi 6 na mara nyingi huruhusiwa kuukanyagia. Vikiachana kwa zaidi ya milimita 2 au 3, kwa kawaida daktari huviunganisha kwa pini na waya. Kilegesambwa kilichoteguka ni suala tofauti: huhamia upande wa nje, hasa kwa vijana wa umri wa balehe, na mara ya kwanza hutibiwa zaidi kwa mazoezi.

Mazoezi hayo ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote, hata kwa waliovunjika. Plasta ikishatolewa mgonjwa hujiona amepona, kumbe paja limesinyaa na goti limekakamaa, na kulirejesha huchukua miezi. Ronaldo wa Brazil, ambaye kano ya chini ya kilegesambwa chake ilikatika Aprili 2000, dakika chache tu baada ya kurejea uwanjani kutoka kwenye upasuaji wa goti hilohilo, alikaa nje zaidi ya mwaka mmoja, kisha akafunga mabao 8 katika Kombe la Dunia la 2002.

Naviomba vyama vya soka vya wilaya viwafundishe makocha wa madaraja ya chini kipimo hicho cha kuinua mguu, na visiruhusu mechi ianze pasipokuwa na ubao na bandeji kando ya uwanja.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Tanga