Usibishane na jumla, Bakari

Lindi Mjini, Jumapili jioni

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Salamu nyingi kwa shemeji na watoto. Picha ya bili ya gereji uliyonitumia nimeikuza nikaisoma mstari hadi mstari. Shilingi 1,208,320 kwa matengenezo ya gari ambayo fundi alikukadiria laki tano na nusu! Una haki ya kukasirika. Ila kesho ukifika hapo gereji ukaanza na "mbona bei kubwa hivi?", atakujibu spea zimepanda, na maneno yataishia hapo. Jumla achana nayo. Shika mstari mmoja mmoja, maana bili hii ina mistari ambayo gari lenyewe linaikataa.

Anza na "taiming belti na ufundi, 150,000". Toyota IST yako ni toleo la kwanza, cc 1300, injini 2NZ. Injini hiyo haina taiming belti. Ina cheni ya chuma, imejificha nyuma ya kava la mbele na inalainishwa na oili ya injini. Hata ile ya cc 1500, 1NZ, ni cheni vilevile. Mkanda wa mpira unaouona ubavuni mwa injini ni fenibelti, ndio unaozungusha alteneta na pampu ya maji. Muulize kwa upole: "Fundi, hii belti umeifunga wapi? Naomba nionyeshe." Huenda aliyeandika bili alikusudia fenibelti, basi iandikwe fenibelti, kwa bei ya fenibelti, na ile kuukuu uishike mkononi. Akigeuka akasema ni cheni, angalia kingo za kava la mbele. Kava lile hufungwa kwa gundi ya silikoni, na likifunguliwa gundi mpya huchungulia kwenye maungio na vichwa vya bolti hubaki na alama za spana. Vumbi likiwa limeganda pale kama lilivyokuwa, hakuna mkono uliopita.

Oili ya injini ameandika lita 6, kila lita 12,000. Injini hiyo, ukibadilisha na filta, haimalizi dumu la lita 4. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe kama dakika kumi oili ishuke, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kisha chomoa tena usome. Oili ikiwa kati ya alama mbili, zile lita mbili za ziada hazimo ndani ya gari lako. Ikiwa imepita sana alama ya juu, usikubali liwashwe kabisa: krenki, mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, inaipiga oili hiyo mpaka inatoa povu, presha inapungua na sili zinaanza kuvuja. Waimwage ifike kwenye alama, mbele yako. Halafu kuna kitu hakimo kwenye bili, nacho ni filta ya oili. Chungulia chini. Filta mpya inang'aa. Ikiwa na vumbi la miezi, wamekuwekea oili safi wakakuachia filta chafu.

Breki padi za mbele ameandika seti 2. Seti moja ni padi nne, mbili kila gurudumu, yaani inatosha magurudumu yote ya mbele. Nyuma IST hiyo ina ngoma na breki shuu, haina padi. Seti ya pili haina pa kukaa.

Bolijointi 4 (vile viungo vinavyoruhusu magurudumu ya mbele kukata kona na kupanda na kushuka), hapo nenda taratibu, maana fundi anaweza kuwa na hoja. IST ina bolijointi mbili tu za chini, moja kushoto na moja kulia. Lakini huenda fundi anaziita linki za stebilaiza (vijiti vinavyoshika fito ya kuzuia gari kulala kwenye kona) "bolijointi ndogo", nazo ni mbili, hivyo nne inaweza kuwa hesabu ya kweli. Na wewe unalipeleka gari vijijini kwenye barabara za vumbi na makorongo, vitu hivi kufa si ajabu. Omba gari linyanyuliwe kwa jeki na tairi itolewe. Bolijointi mpya ina mpira mweusi laini usio na mpasuko, ncha ya bolti ni safi, na pini yake haina kutu. Ukiona mpira umekauka na vumbi limeshikana na grisi, hiyo ni ya zamani. Zikiwa mpya kweli, bado hukuzikubali kabla, lakini kwa maoni yangu zilipe kwa idadi utakayoihesabu, kwani unazitumia. Ila linki isilipwe bei ya bolijointi. Ni kitu kidogo na bei yake ni ndogo.

Oili ya giaboksi, lita 8. Giaboksi ya otomatiki ikimwagwa kwa kufungua nati ya chini haitoi oili yote, nyingine hubaki kwenye konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi. Kinachotoka, na kinachorudi, ni lita 3 hivi. Kijiti chake kipime injini ikiwa ya moto na inaunguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Ikiwa nyekundu na angavu, imebadilishwa, lipia lita 3. Ikiwa ya kahawia iliyokolea kama ya zamani, usilipe mpaka athibitishe, ila kumbuka oili mpya huchanganyika na ile iliyobaki.

Kuhusu VAT ya 184,320: anayeruhusiwa kutoza ni aliyesajiliwa, na namba yake ya usajili wa VAT huonekana kwenye risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi. Wewe omba risiti hiyo tu, bila kumtishia kwa kumtajia TRA, mamlaka ya mapato. Kama hana, mstari huo unafutika.

Sasa hesabu yangu, kwa bei zake mwenyewe, pamoja na mistari ya shokapu na ufundi ambayo sibishani nayo: shokapu 240,000, padi seti moja 55,000, oili lita 4 kwa 48,000, ufundi 200,000. Hiyo ni 543,000, karibu sawasawa na makadirio yake. Ukiongeza bolijointi mbili na oili ya giaboksi lita 3, iwapo zimeonekana, ni 655,000. Usipite hapo, isipokuwa kwa bei ndogo ya linki zikiwa mpya, au kwa VAT akitoa risiti yake. Kwenye ufundi usimbane sana. Magari ya pwani bolti hushikwa na kutu, wakati mwingine hukatwa kwa gesi, na hiyo ni kazi ya jasho.

Nenda asubuhi kabla hawajaelemewa, ukiwa na fundi mwingine asiye wa gereji hiyo. Ujumbe wa makadirio usiufute, upige picha. Dai vipuri vyote vilivyotolewa, navyo uvipige picha vikiwa juu ya bili.

Na lile wazo lako la kulichukua gari usiku kwa ufunguo wa akiba, liache kabisa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa fundi haki ya kushikilia chombo mpaka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya. Ukilichukua, wewe ndiye utakayeonekana mkosaji. Lipa sehemu usiyobishania kwa simu ili ibaki kumbukumbu, na uandike nakala mbili: "Nimelipa 543,000. Mistari ya taiming belti, padi seti ya pili, oili iliyozidi, bolijointi, oili ya giaboksi na VAT siikubali mpaka ithibitishwe." Asaini zote, moja ubaki nayo. Akikataa kusaini, mwombe mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Akiendelea kulizuia gari, nenda Mahakama ya Mwanzo ukaulize namna ya kufungua madai. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na karatasi zako pamoja na picha ndizo zitakazosema. Polisi hawatakusaidia kwenye bei, hilo ni deni.

Kijiti cha oili kipige picha kabla hawajawasha gari, unitumie hapohapo. Simu nitaiacha wazi tangu saa mbili.

Ndugu yako,
Selemani