Kebo ya giaboksi ya otomatiki isilegezwe kwa kubahatisha

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme jambo linalowahusu wenye magari ya otomatiki hapa Bukavu, pamoja na mafundi wanaotutengenezea magari hayo. Mengi kati yake yalikwishatumika Japani kabla ya kutufikia, na katika yale ya miaka ya 1990, hasa Toyota, ipo kebo nyembamba inayoanzia kwenye kipepeo cha kuingizia hewa ya injini, pale panapovutwa na pedali ya mafuta, ikashuka hadi ndani ya giaboksi. Kebo hiyo imegeuzwa dawa ya kila ugonjwa. Gari likichelewa kuingia gia ya tatu, kebo hulegezwa. Gia zikiingia kwa kishindo, hulegezwa tena. Na mteja akilalamika kwamba petroli inaisha upesi, hulegezwa zaidi ili gia zipande mapema.

Yalinipata mimi mwenyewe. Nililipeleka gari kwenye gereji moja nikitaka lipandishe gia mapema, likarudi likiwa laini ajabu, nami nikamshukuru fundi kwa moyo wote. Baada ya wiki chache, nikiwa napanda Kadutu na abiria wanne, injini ilianza kulia huku gari likibaki nyuma, kana kwamba kuna kitu kinateleza ndani. Nilipochomoa kijiti cha kupimia, mafuta ya giaboksi yaliyokuwa mekundu yalikuwa yamekuwa kahawia na yananuka kuungua. Sahani za klachi, zinazobanana ndani ya giaboksi ili nguvu ya injini ipite, zilikuwa zimekwisha.

Ni lazima tuelewe kazi ya kebo hiyo. Katika giaboksi inayoendeshwa kwa shinikizo la mafuta yake peke yake, bila kompyuta, mashinikizo mawili hushindana: moja hutoka kwenye gavana, yaani kifaa kinachofuata mwendo wa gari, iliyo upande wa shafti ya kutokea inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, nalo huongezeka kadiri gari linavyokwenda kasi, la pili huongezeka kadiri dereva anavyokanyaga pedali, na ndilo linaloletwa na kebo. Shinikizo la mwendo linapolishinda lile la pedali, vali husogea na gia hupanda. Ndiyo maana mguu mwepesi hupandisha gia mapema na mguu mzito huichelewesha. Lakini shinikizo hilo hilo la pedali ndilo linaloiamuru giaboksi izibane sahani za klachi kwa nguvu inayolingana na mzigo wa injini. Anayelegeza kebo ili gia ipande mapema anazinyima sahani nguvu ya kushikana wakati ule ule ambapo injini inazisukuma kwa nguvu zaidi, nazo huteleza na kuungua. Ulaini ule niliousifu ulikuwa mwanzo wa kuteleza.

Zipo pia giaboksi, kama A340E ya Toyota katika matoleo yake yenye kebo, ambazo wakati wa kubadilisha gia huamuliwa na kompyuta kwa kufuata sensa (kihisio) ya mwendo na sensa ya kipepeo, na kebo hubakiwa na kazi ya shinikizo tu. Kwa magari hayo, kulegeza kebo ili kubadili wakati wa gia ni kuharibu bila kupata hata kile kilichotafutwa.

Tukumbuke vilevile mahali tunapoishi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa yake injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Dereva hulazimika kukanyaga zaidi kuliko angekanyaga Dar es Salaam, na kwa kukanyaga huko gia huchelewa kupanda. Huo si ubovu. Gari likihangaika mlimani, likipanda gia ya nne na kuiacha kila baada ya muda mfupi, dereva abonyeze kitufe cha overdrive, yaani cha kuizima gia hiyo ya nne, taa ya O/D OFF iwake, na gari litabaki kwenye gia ya tatu na zile za chini yake. Aliyefunga matairi makubwa kuliko ya asili naye ajue kwamba shafti ya kutokea huzunguka polepole zaidi kwa mwendo ule ule, kwa hiyo gia zitachelewa hata kama kebo ni sahihi.

Kipimo sahihi hakihitaji chombo cha gharama. Kwanza hukaguliwa mafuta ya giaboksi, yakiwa ya moto na injini ikiwa inanguruma, kwa sababu mafuta pungufu huiga karibu kila dalili ya kebo mbovu. Kisha injini huzimwa, mtu mmoja hukanyaga pedali hadi mwisho, na fundi huhakikisha kwamba kipepeo kimefunguka chote. Hapo ndipo hutazamwa kizuizi kidogo cha chuma kilichobanwa juu ya waya wa kebo: katika Toyota nyingi za namna hii, kati ya kizuizi hicho na mwisho wa ala ya mpira panatakiwa nafasi ya milimita 0 hadi 1. Nati mbili ndizo hurekebisha nafasi hiyo. Kazi yote haizidi nusu saa, na inanisikitisha kwamba kwa kuikwepa tunanunua giaboksi nyingine.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wetu waweke alama ya rangi kwenye nati hizo kabla ya kuzigusa, ili mahali pa mwanzo pasipotee. Nawaomba nanyi wenye magari muombe kuonyeshwa nafasi hiyo, pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, kabla ya kulipa.

Msomaji wako,
Ibanda, Bukavu