Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mgonjwa Aandikwe Kwao

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na kwa wenzetu wa Ndanda na Nyangao, Tumsifu Yesu Kristo.

Mwaka huu tumezika wenzetu. Wengine wamerudi kutoka Dar es Salaam na leo wanakwenda shambani kwa miguu yao, namshukuru Mungu kwa hao. Habari za fedha mtazipata kwa mweka hazina. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo kamati imelishughulikia mwaka mzima: mgonjwa wetu wa saratani ya damu huku Mtwara na Lindi, akiingizwa kwenye rejista ya saratani, anaandikwa mkazi wa wapi.

Wengi mnaijua habari ya mdogo wangu. Alianza na uchovu, kisha tumbo likajaa upande wa kushoto. Watu wakasema ni bandama, tukampa dawa za malaria mara tatu. Alipofika Dar na kupimwa uboho, yaani ute wa ndani ya mfupa, ikaonekana ni lukemia, aina ya saratani ya damu. Pale dirishani waliuliza anaishi wapi. Shemeji akawahi kujibu, "Mbagala," maana ndiko tulikofikia. Mdogo wangu hakuwahi kuishi Mbagala. Alizaliwa Kitangari, wilaya ya Newala, alilima korosho Kitangari, na kaburi lake liko Kitangari. Lakini kwenye karatasi ni mgonjwa wa Temeke, maana Mbagala iko huko. Newala imepungukiwa mtu, na Temeke imebebeshwa asiye wake. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomsindikiza, na bado linaniuma.

Rejista ya saratani inasimama juu ya jibu kama lile. Msajili hupita wodini, maabara ya patholojia na kwenye vitabu vya vifo, akamwandika kila mgonjwa mara moja tu: majina, jinsia, umri, makazi ya kawaida, tarehe ugonjwa ulipogundulika mara ya kwanza, aina ya saratani na kipimo kilichoithibitisha. Kisha wakazi waliougua mwaka huo wanagawanywa kwa wakazi wote wa eneo. Chini ya mstari tuko salama, kwani sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.6 Mtwara na karibu milioni 1.2 Lindi. Juu ya mstari ndiko tunakovuja. Moshi pale hospitali ya KCMC na Mwanza pale hospitali ya Bugando zipo rejista zinazofuata wakazi wa mkoa, na Kampala wanafanya kazi hiyo tangu miaka ya 1950. Mgonjwa wetu akipewa rufaa ya Dar, Muhimbili au taasisi ya saratani ya Ocean Road, anaandikwa huko huko, na asipotaja kwao, hesabu ya kwao haitamjua.

Yupo atakayesema kijiji anakotoka mgonjwa ni jambo dogo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya watoto waliovimba mataya. Swali lake kubwa kwa hospitali lilikuwa hilo hilo: je, uvimbe huu mnauona, na watoto wanatoka wapi? Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kwa wiki 10, Tanganyika ikiwemo, akachora ramani. Ikaonekana ugonjwa unafuata nchi za joto na mvua, na kwenye nyanda za juu zenye baridi haupo. Kazi yake ndiyo iliyomfanya Anthony Epstein na wenzake watafute kirusi ndani ya uvimbe ule, wakakiona mwaka 1964. Leo inajulikana kwamba kirusi hicho, kikikutana na malaria ya mara kwa mara, kinachangia uvimbe huo wa watoto, ambao ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga za damu na tezi. Pwani yetu ni nchi ya malaria. Kwa hiyo, kina mama, mtoto akivimba taya na meno yakalegea, asiishie kung'olewa jino. Uvimbe ule hukua ndani ya siku chache, lakini husikia dawa ukiwahiwa.

Wanachama wa Tandahimba wameuliza kama dawa za mikorosho zinaleta saratani ya damu. Inajulikana kwamba benzini husababisha lukemia, na mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba lindeni, dawa ya zamani ya kuua wadudu, husababisha limfoma. Salfa ya unga tunayopulizia ni kitu kingine. Tusiitie hatiani kwa uvumi, wala tusiisafishe kwa uvumi. Jibu la mashamba yetu litatoka kwenye hesabu ya miaka mingi inayosema nani aliugua na alikuwa akiishi wapi.

Kuna na suala la majina. Huku kwetu mtoto huingia jandoni na jina moja akatoka na jingine. Akilazwa Ndanda kwa jina la utotoni na Ligula kwa jina la jandoni, atahesabiwa watu wawili. Wazee nao hutaja umri wa kukadiria. Anayekumbuka kwamba Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilimkuta darasa la pili, aseme hivyo hivyo, msajili atapata pa kuanzia.

Mkisikia saratani ya damu imeongezeka Kusini, msikimbilie kuogopa. Vipimo vikisogea karibu, kama sasa tulivyo na hospitali ya rufaa ya kanda hapa Mtwara, waliokuwa wakifa kwa jina la bandama wanaanza kuonekana. Isitoshe, saratani hizi ni chache. Wagonjwa wachache wakizidi mwaka mmoja, hesabu inapanda ghafla. Miaka mitano ikisomwa pamoja ndipo panaonekana kitu.

Wanachama wawili walianza daftari la majina ya wagonjwa vijijini mwao. Nia yao ilikuwa njema, lakini nimewaomba walichome, nao wamelichoma. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kazi ya kuandika majina ni ya msajili. Yetu ni kuhakikisha mgonjwa anajibu sawasawa.

Kamati imeamua kuchapisha kadi ndogo ya kukaa pamoja na kadi ya kliniki: majina yote pamoja na la utotoni, mwaka wa kuzaliwa, kijiji na wilaya anakoishi, na tarehe ya kipimo cha kwanza. Jina la mwenyeji wa Dar litakaa nyuma ya kadi, kwa ajili ya simu tu. Kadi zitagawiwa kwenye kikao cha Masasi baada ya minada ya korosho kuanza, na ada tutazipokea siku hiyo hiyo. Mwenye mgonjwa anayesafiri kabla ya hapo anipigie, nimsomee yaliyomo ayaandike kwenye karatasi.

Mwenyekiti