Ule wavu wa kuku na swali lako la Jumapili

Mwanangu,

Jumapili uliniuliza kaboni ni kaboni tu, sasa inakuwaje nanotyubu moja (kile kibomba chembamba cha kaboni) inapitisha umeme kama waya na nyingine inakuwa semikondakta, yaani inapitisha umeme kwa masharti tu, nikasema ngoja nifikirie na salio lako likakata hapohapo. Sasa jana nikawa natengeneza banda la kuku, mama yako kanisumbua nalo wiki nzima, nikashika ule wavu wa matundu ya pembe sita nikasema alaa, jibu si hili hapa!

Grafini, ile karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, ndo wavu huo, kila kona weka atomu ya kaboni. Kata kipande ukunje hadi kingo zikutane, unapata bomba, upana wake nanomita 1 hivi, yaani mita moja igawe mara bilioni. Ila unaweza kukunja moja kwa moja au mshazari, na hapo ndo kwenye mambo. Elektroni ni wimbi, mwanangu, likizunguka bomba lazima likutane na mkia wake sawasawa, kwa hiyo mawimbi mengi yanakataliwa yanabaki machache. Grafini nayo ina sehemu chache tu ambazo elektroni zinapita bila kuruka pengo la nishati (ile nishati ya ziada inayohitajika kabla umeme haujapita), kama mkunjo wako umeziacha hizo ndani unapata metali, kama umezikosa basi pengo limebaki, na bomba likiwa jembamba zaidi pengo linapanuka.

Hesabu yake rahisi mpaka inachekesha. Mkunjo unaandikwa kwa namba mbili, n na m, toa moja kwenye nyingine, ikigawanyika kwa 3 ni metali. (10,10) inatoa 0, nayo inagawanyika, metali safi, (10,0) semikondakta. (9,0) inagawanyika ila ule mviringo unaiachia kapengo kadogo sana, usije ukashangaa kwenye mtihani.

Ndo maana ukizipika bila kuchagua theluthi moja hivi zinatoka metali, na hizo kwenye transista, vile viswichi vidogo vya umeme ndani ya chipu, ni balaa, swichi haizimiki. Chipu ya 2019 ya MIT, kile chuo cha Marekani, ilikuwa na transista zaidi ya 14,000 za nanotyubu, na walichofanya ni kuchora saketi zinazovumilia metali kidogo, usafi wa 99.99% (yaani nanotyubu 99.99% ziwe semikondakta) ukatosha, mi hapo ndo niliwavulia kofia.

Kipande nilichokunja nimekiweka juu ya kabati, mama yako ashataka kukitupa mara mbili. Ukija likizo tukihesabu n na m zake.

Baba