Wateja wanaweza kujua habari za nyumbani, ila ziwe zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni juu ya ushauri ambao siku hizi husikika sana katika semina za wajasiriamali hapa Tanga, kwamba anayetangaza kazi yake mtandaoni asichanganye kabisa mambo ya kazi na ya nyumbani. Ushauri huo una nia njema, lakini naona umeweka mpaka pasipo mahali pake.

Nina jirani anayeuza samaki katika soko la Deep Sea. Asubuhi hupiga picha ya changu, kolekole au nguru walioshushwa, akaandika bei, na wateja wa Chumbageni na Raskazone wakaagiza kabla jua halijawa kali. Siku moja, badala ya bei, aliandika jinsi marehemu baba yake, aliyekuwa mvuvi, alivyomfundisha kufunua matamvua ya samaki atazame wekundu wake, kisha kubonyeza nyama kwa kidole aone kama inarudi. Yalikuwa mambo ya kwao kabisa, na ndiyo yaliyowaonyesha wateja kwa nini wamwamini anaposema samaki ni wa leo. Sisi watu wa pwani huulizana habari za nyumbani kabla ya kuulizana bei. Muuzaji asiyetaja mzazi wala msiba tunamwona mgeni.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na mji wetu, mwaka 1909, alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, na bado aliandika waziwazi juu ya maisha yake, akamlilia mkewe Amina kwa shairi na kuwatungia watoto wake tenzi za mawaidha. Heshima yake haikupungua hata kidogo. Lakini tuangalie alichokitoa: huzuni yake mwenyewe na mawaidha yake mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, mtu ajiulize habari hiyo ni ya nani. Hivi karibuni niliona, katikati ya picha za magauni zilizowekwa na fundi cherehani, picha ya mwanawe amelazwa, mrija wa dripu umebandikwa mkononi kwa plasta. Mama yule alikuwa na hofu na alihitaji kupewa pole, wala simlaumu. Lakini ugonjwa ni wa mtoto, na huenda picha ile ikabaki katika simu za watu asiowajua hata atakapokuwa sekondari.

Upande wa kazi mambo huwa mabaya zaidi. Mwalimu huweka karatasi ya alama yenye majina ya wanafunzi; muuguzi hujipiga picha wodini na nyuma yake mgonjwa akaonekana uso. Hayo ni ya kazi tupu, hayana la nyumbani hata moja, na kwa kipimo cha semina yangepita bila swali, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto miongoni mwa taarifa nyeti.

Nawaomba wanaoendesha semina hizo wawafundishe washiriki kuomba ridhaa ya mwenye habari kabla ya kuituma, na waache kuwatisha akina mama wauza samaki wasiwataje baba zao.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga