Mstari mmoja, shilingi 1,500

Juzi mteja alitoka dukani kwetu hapa Langoni, tunakotengeneza kompyuta, akinung'unika kwamba tumemwibia. Alituona tukiandika mstari mmoja wa amri, programu yake ikafunguka, kisha akaambiwa 1,500. Mstari ulikuwa mmoja kweli. Ila kabla yake tulikaa karibu saa nzima tukitafuta uandikwe wapi.

Laptopu yake inatumia mfumo wa Ubuntu, na ilikuwa na Python tatu (Python ni lugha ya kuandikia programu): iliyokuja na mfumo, aliyoipakua mwenyewe, na ya Anaconda, mkusanyo unaokuja na Python yake. Pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, inaviweka kwenye ya kwanza, programu inasoma ya tatu. Akisakinisha, anaambiwa kifurushi kipo tayari, akiendesha, ModuleNotFoundError, yaani kifurushi hakionekani. Amefunga punda wa jirani, anashangaa wake bado anazurura. Alikuwa ameshafuta na kupakua upya mara nne, bando limekwisha, na ghali bado ni sisi!

Kinachotuudhi zaidi ni kubandika sudo (neno la kuipa amri mamlaka ya msimamizi) mbele ya kila amri inayogoma. Tangu Ubuntu 23.04, pip hukataa kugusa Python ya mfumo na kutoa ujumbe externally-managed-environment, yaani Python hii inasimamiwa na mfumo wenyewe. Watu hawasomi, wanaongeza --break-system-packages, na jina lenyewe linakwambia unavunja. Siku hiyo inakubali. Inayokuja kugoma baadaye ni zana nyingine kabisa, na mteja anaapa hakugusa kitu. Sisi kila mradi tunaufanyia python3 -m venv ndani ya folda yake, amri inayounda folda ndogo ya vifurushi vya mradi huo peke yake. Vikiharibika, unafuta folda ile ndogo basi.

Kijana mmoja wa chuo (samahani mwanangu, nikikumbuka bado nacheka) aliona Python zimezidi, akaamua kupunguza kwa amri ya kuondoa Python ya mfumo: sudo apt remove python3. Orodha ya vitakavyoondoka ikajaa skrini, naye akabonyeza Y. Alikuja na skrini nyeusi ya maandishi matupu, maana eneokazi (desktop) la Ubuntu linaegemea Python hiyohiyo. Tuliokoa kwanza faili za mradi wake, ndipo tukarudisha mfumo. Nusu siku, 4,000. Yeye hakulalamikia bei.

Kuanzia sasa uchunguzi ni 500, na ukitupatia kazi, hizo 500 zinahesabiwa ndani ya bei. Usifute chochote kabla ya kuja. Ujumbe wa kosa piga picha wote, kuanzia amri uliyoandika. Ijumaa saa sita hadi saa nane tumefunga.